Mary Slessor, Mama wa Pacha

Mary Slessor alizaliwa mjini Aberdeen, nchi ya Uskoti, tarehe 2 Desemba, 1848. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, lakini ulevi ulimshinda, na fedha ya nyumbani ikaishia katika pombe. Basi walihamia Dundee kutafuta riziki. Huko Mary, akiwa na umri wa miaka 11, aliingia kazini katika kiwanda cha nguo: nusu ya siku alifanya kazi, na nusu alisoma. Hivyo tangu utoto aliyajua maisha ya mtoto asiye na wa kumtetea.

Mwaka 1873 Dk. David Livingstone alikufa, na watumishi wake, akina Susi na Chuma, wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Habari hizo zilipofika Uskoti, Mary alikata shauri kwenda Afrika. Mwaka 1876 kanisa lake lilimpeleka Calabar, katika nchi ambayo leo ni Nigeria.

Siku zile pacha walihesabiwa huko kuwa ni balaa. Watu waliamini kwamba mmoja wao ni mtoto wa pepo mbaya. Na kwa kuwa hapana aliyeweza kujua ni yupi, waliwaua wote wawili au kuwatupa porini, na mama yao akafukuzwa. Sisi tulio na akina Kulwa na Doto madarasani twaweza kustaajabu. Lakini wazazi wale hawakukosa upendo. Walishikwa na hofu. Mwaka 1878 wakuu wa Calabar walipatana na balozi wa Kiingereza kwamba pacha wasiuawe, ila hofu ilibaki mioyoni.

Mary aliifahamu hofu hiyo, wala hakukaa mbali akilaumu. Alijifunza Kiefik, akala chakula cha wenyeji, akatembea bila viatu. Kila aliposikia kwamba pacha wamezaliwa, alikwenda upesi kuwaokoa, akawalea nyumbani mwake. Mmoja wao, msichana aliyemwita Janie, alimfanya binti yake. Majirani walimwona mtoto huyo akicheka na kukua kama wengine, wala balaa halikuja. Polepole wakaanza kuwaza upya.

Mwaka 1888 alihamia Okoyong, mahali palipoogopwa na wageni wengi. Mwaka 1892 serikali ya Kiingereza ilimpa madaraka ya kuamua kesi huko. Homa zilimsumbua mara nyingi, lakini nyumba yake haikukosa watoto. Alifariki tarehe 13 Januari, 1915, akazikwa Calabar.

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mary alikuwa Mkristo aliyeamini kwamba Mungu hakuumba mtoto wa kutupwa, na imani hiyo aliionyesha kwa kufungua mlango wa nyumba yake. Wanafunzi wenzangu, tukimwona mtoto aliyetengwa na wenzake, tumkaribishe kwanza akae nasi.