Mahmood Mattan: Baharia Msomali aliyenyongwa Cardiff, akasafishwa baada ya miaka 45

Asubuhi ya Septemba 3, 1952, mwanamke kijana aitwaye Laura alikwenda katika gereza la Cardiff, kusini mwa Wales, kumtembelea mumewe. Langoni alikuta tangazo limebandikwa. Lilieleza kwamba hukumu dhidi ya Mahmood Hussein Mattan ilikuwa imekwisha kutekelezwa. Hakuna aliyekuwa amemwarifu siku wala saa. Mattan alikuwa na umri wa miaka 28, na aliacha watoto watatu wa kiume. Alikuwa mtu wa mwisho kunyongwa katika gereza hilo.

Mattan alizaliwa mwaka 1923 katika eneo la Wasomali lililokuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kama vijana wengi wa pwani ile, aliingia katika meli za biashara za Waingereza, na bahari ikamfikisha Cardiff, bandari iliyokuwa ikisafirisha makaa ya mawe. Mtaa wa bandarini uliojulikana kwa jina la Tiger Bay ulikuwa makazi ya mabaharia kutoka Somalia, Yemen, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi.

Huko alikutana na Laura Williams, binti wa Kizungu kutoka bonde la Rhondda, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Walioana miezi michache tu baada ya kufahamiana. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe katika Uingereza ya wakati ule haikuwa jambo la kupita bila maneno. Walitukanwa barabarani, na kupata nyumba ya kupanga kuliwawia vigumu. Hatimaye wakawa wanaishi katika nyumba tofauti za mtaa mmoja, ingawa hawakuacha kuonana. Mattan aliacha ubaharia mwaka 1949, akafanya kazi kwa muda katika kiwanda cha kuyeyushia chuma.

Usiku wa Machi 6, 1952, baada ya saa mbili, Lily Volpert, mwanamke wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 41 aliyekuwa na duka katika eneo hilo, alikatwa koo kwa wembe ndani ya duka lake. Kiasi kisichopungua paundi 100 kiliibwa. Ndugu zake walikuwa chumba cha pili na hawakutambua kilichokuwa kikitendeka. Familia ilitangaza zawadi ya paundi 200 kwa atakayesaidia kupatikana kwa muuaji.

Polisi walifika kwa Mattan usiku uleule. Waliipekua nyumba yake na hawakuona wembe wenye damu, nguo zenye damu wala fedha zilizoibwa. Yeye alisema alikuwa sinema. Kilichopatikana baadaye ni chembe za damu katika viatu vyake, ndogo kiasi cha kuhitaji hadubini, na viatu vyenyewe vilikuwa mitumba. Hata hivyo, alishtakiwa kwa mauaji.

Kesi ilisikilizwa mjini Swansea mwezi Julai na kumalizika kwa siku tatu. Shahidi mkuu alikuwa Harold Cover, seremala mwenye asili ya Jamaika, aliyedai kumwona Mattan akitoka dukani. Cover baadaye alipata sehemu ya ile zawadi. Mattan hakukijua vema Kiingereza, naye alijibu maswali kwa ukali na kwa mkato, jambo ambalo halikumjengea huruma yoyote. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wakili wake mwenyewe, ambaye katika hotuba ya mwisho alimweleza mteja wake mbele ya wazee 12 wa baraza kuwa ni mtu wa nusu ushenzi. Ni vigumu kufikiria mshtakiwa angeweza kuzikwa namna gani zaidi na mtu aliyelipwa kumtetea. Wazee wale walimwona ana hatia, na kwa sheria ya wakati huo jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kutoa isipokuwa kifo.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya rufaa, ambayo kwa Mattan ilikuwa fupi mno. Nchini Tanzania, mtu aliyehukumiwa kifo na Mahakama Kuu, hata kama shauri lake limetoka Ifakara au kijiji cha ndani kabisa cha bonde la Kilombero, ana haki ya kusikilizwa na Mahakama ya Rufani. Mattan alilazimika kwanza kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Mwezi Agosti ombi lilikataliwa. Waziri wa Mambo ya Ndani naye hakumpunguzia adhabu. Tangu kuuawa kwa Volpert hadi kitanzi ilikuwa imepita miezi sita pungufu ya siku tatu.

Majaji waliokataa ombi hilo waliamua kwa kutazama yale yaliyowekwa mbele yao tu, na mengi hayakuwekwa. Watu wanne walikuwa wameitwa katika gwaride la utambulisho na wakashindwa kumtambua Mattan. Msichana wa miaka 12 aliyekuwa amefika karibu na duka usiku ule alipoonyeshwa Mattan alikana kuwa ndiye aliyemwona. Zaidi ya hayo, Cover mwenyewe, katika maelezo yake ya mwanzo, alikuwa ametaja Msomali mwenye jino la dhahabu. Mattan hakuwa na jino la namna hiyo. Polisi walifahamu kwamba maelezo hayo yalimlenga Msomali mwingine, Tahir Gass, ambaye alikiri kuwa katika mtaa ule siku hiyo. Karatasi hizo hazikupelekwa kwa upande wa utetezi.

Mwaka 1954 Gass alishtakiwa kwa kumuua mtu mwingine katika mji jirani wa Newport, akaonekana kuwa na wazimu na kupelekwa katika hospitali ya wahalifu ya Broadmoor. Mwaka 1969 Cover naye alitiwa hatiani kwa kujaribu kumuua binti yake, kwa kumkata koo kwa wembe. Familia ya Mattan iliomba shauri lifunguliwe upya. James Callaghan, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na pia mbunge kutoka Cardiff, alikataa.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshtushwa na mashauri mengine. Timothy Evans, aliyenyongwa mwaka 1950, alisamehewa mwaka 1966 baada ya vitabu na kelele za wanahabari. Jina la Derek Bentley, aliyenyongwa Januari 1953, lilifika hadi katika sinema na televisheni. Mjane wa baharia Msomali hakuwa na jukwaa kama hilo, na alisubiri miongo mingi pasipo kamera.

Mwaka 1996 ilitolewa ruhusa ya kuufukua mwili wake kutoka uwanja wa gereza, akazikwa upya katika makaburi ya Waislamu mjini Cardiff. Mwaka uliofuata ilianza kazi Tume ya Kupitia Upya Mashauri ya Jinai, na shauri la Mattan likawa la kwanza ambalo tume hiyo ililipeleka mahakamani. Februari 24, 1998, Mahakama ya Rufaa mjini London, chini ya Jaji Rose, ilitengua hukumu. Jaji alieleza kwamba ushahidi wa Cover haukuwa wa kutegemewa, na akaongeza kuwa adhabu ya kifo pengine haifai kuwa kilele cha mfumo wa sheria unaoendeshwa na binadamu, ambao hukosea. Familia ililipwa fidia ya paundi 725,000.

Mmoja wa watoto wake alikutwa amekufa katika ufukwe wa Scotland mwaka 2003. Laura alifariki mwaka 2008. Mwaka 2021 mwandishi mzaliwa wa Hargeisa, Nadifa Mohamed, alitoa riwaya juu ya mkasa huo, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Mwezi Septemba 2022, miaka 70 baada ya kunyongwa kwake, polisi wa Wales Kusini waliomba radhi. Watoto wote watatu walikuwa wamekwisha kufa, na radhi hiyo ikapokewa na wajukuu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo cha Lily Volpert.