Motosaku Fujinaga, Mjapani aliyefaulu kulea watoto wa kamba

Wakaaji wa Baraka na vijiji vya Fizi wanajua maana ya ndakala kukosekana ziwani: mvuvi anarudi mikono mitupu na soko linakauka. Japani nayo ilikuwa inategemea bahari peke yake ili kupata kamba, ambao wengine huwaita krevete, mpaka Motosaku Fujinaga alipopata njia ya kuwalea.

Fujinaga alizaliwa mwaka wa 1903. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alianza kuchunguza kamba kusini mwa nchi yake. Miaka ya 1930 alifaulu kufanya kamba jike atage mayai ndani ya chombo cha maji ya bahari, nayo yakaanguliwa.

Lakini watoto walikufa kwa wingi. Mtoto wa kamba hafanani na mama yake. Akitoka kwenye yai hafikii hata nusu milimita, na kwa siku moja au mbili hali kitu, anaishi kwa akiba ya kiini cha yai. Kisha anabadilika umbo na kuanza kutafuta chakula. Asipokipata wakati huo, anakufa. Fujinaga alitambua kwamba hapo anahitaji mimea midogo sana ya majini, isiyoonekana kwa macho, naye akaiotesha. Akibadilika tena, anahitaji pia wadudu wadogo wa majini. Baada ya siku kumi hivi, anaanza kufanana na kamba mkubwa.

Mwaka wa 1942 Fujinaga alichapisha maelezo ya hatua hizo zote. Baada ya vita alifanya kazi katika idara ya serikali ya uvuvi, kisha akarudia kamba wake. Miaka ya 1960, karibu miaka 30 tangu mayai yale ya kwanza, alianzisha shamba la kufuga kamba kwa biashara. Mwaka wa 1968 mwanafunzi wake wa Taiwani, I-Chiu Liao, alifaulu kulea aina nyingine, inayopatikana pia pwani ya Kenya na Tanzania.

Fujinaga alifariki mwaka wa 1973. Kamba wake ni wa maji ya chumvi, hawawezi kuishi Tanganyika. Hata hivyo, anayefuga samaki kidimbwini huko Fizi anakutana na swali lile lile: mtoto wa samaki anahitaji kula nini, na siku gani?