Asmaa bint Abubakar: Bibi aliyekuwa chuo

NIKIWAULIZA wanafunzi wangu ni nani aliyewafundisha kutawadha, wengi humtaja ustadh wa madrasa. Wengine hutaja simu. Wachache sana humtaja bibi, ingawa wapo wanaoishi na bibi zao nyumba moja. Bibi anaswali, anaangalia televisheni na kulinda nyumba wazazi wakiwa kazini, lakini hakuna anayemuuliza kitu. Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, leo tukumbushane maisha ya Asmaa bint Abubakar (r.a.).

Wengi tunamjua kwa lakabu ya mwenye mikanda miwili, kwa kuwa aliupasua mkanda wake ili afunge chakula cha safari ya Mtume (s.a.w.) na baba yake walipohama kwenda Madina mwaka 622. Mawaidha yetu mengi huishia hapo. Lakini siku zile zile Asmaa alifanya jambo jingine. Abubakar aliondoka na fedha zake zote. Babu yake Asmaa, mzee Abu Quhafa, ambaye alikuwa kipofu na bado hajasilimu, akaja akiwa na hofu kwamba wajukuu wameachwa mikono mitupu. Asmaa akapanga vijiwe pale baba yake alipokuwa akiweka fedha, akavifunika kwa nguo, akaushika mkono wa babu na kumgusisha. Mzee akatulia. Hata dirhamu moja haikuwepo.

Alihama akiwa mjamzito, akajifungua Quba. Mtoto huyo, Abdallah, ndiye wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina wa Madina. Maisha yalikuwa magumu. Mumewe, Zubayr bin Awwam, hakuwa na mali ya maana zaidi ya farasi na ngamia wa kutekea maji. Asmaa alimlisha farasi, akateka maji, akakanda unga, na kubeba kichwani kokwa za tende kutoka shambani. Mkate hakujua kuuoka vizuri, majirani zake wa Kiansari wakimwokea. Na mama yake mzazi, Qutayla, alipomjia ilhali bado ni mshirikina, Asmaa hakuamua kwa hasira wala kwa mapenzi. Alimuuliza Mtume (s.a.w.), akaelekezwa amuunge mama yake.

Baadaye ndoa yake na Zubayr ilivunjika, lakini kazi yake ya malezi iliendelea. Mwanawe Urwa akawa miongoni mwa mafaqihi saba wa Madina. Kisha wakaja wajukuu, na hapa ndipo penye somo letu.

Mwanawe mwingine, Mundhir, alipata binti aitwaye Fatima. Fatima alijifunza kwa bibi yake, kisha akaolewa na Hisham bin Urwa, naye mjukuu wa Asmaa. Fungua Muwatta ya Imam Malik au Sahih Bukhari utaikuta silsila hii mara kwa mara: Hisham kutoka kwa Fatima, Fatima kutoka kwa Asmaa. Tazama walichopokea: namna ya kusafisha nguo iliyoingia damu ya hedhi kisha kuswali nayo, kumpoza kwa maji mwenye homa, na habari za swala ya kupatwa kwa jua. Ni mambo ambayo binti humuuliza bibi yake nyumbani, na leo yanasomwa na wanazuoni dunia nzima. Kama Fatima asingemuuliza bibi yake, silsila ile isingetufikia.

Asmaa aliishi karibu miaka mia moja. Uzeeni alipofuka, kama babu yake. Mwaka 73 Hijria (692) Hajjaj bin Yusuf aliizingira Makka, na Abdallah, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sabini, akaenda kutaka ushauri kwa mama yake. Kizee yule kipofu akamwambia asimame imara ikiwa anajua yuko katika haki. Abdallah akauawa, mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akamwita Asmaa, akakataa kwenda. Hajjaj ndiye aliyemfuata, na Asmaa akamweleza ukweli usoni bila kuogopa. Siku chache baadaye naye akafariki.

Ndugu msomaji, tunalipa ada za madrasa na kununua vitabu, na hayo ni mema. Lakini chumba cha nyuma kuna mtu aliyefunga Ramadhani sitini na kuzika wapenzi wake kwa subira. Mpeleke mwanao akamuulize. Na wewe bibi unayesoma makala haya, usingoje kuulizwa, mwite mjukuu akae karibu yako. Kama kuna usilolijua, darasa za kina mama zipo misikitini, wala uzee si udhuru.

Allah amrehemu Asmaa, na atujaalie wajukuu watakaopokea kutoka kwetu. Amin.