D. O. Misiani: Gita Lilivunjwa, Wimbo Ukabaki

Kati ya watu waliovuma Afrika Mashariki kwa kupiga gita, marehemu Daniel Owino Misiani ni mmoja wa wale waliolilipia gita lao kwa thamani kubwa. Sisi watu wa pwani wengi wetu twaijua sauti yake zaidi ya jina lake, kwa kuwa nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kijaluo. Hata hivyo maisha yake yana mafunzo yasiyohitaji mkalimani, na leo napenda kuyaeleza.

Misiani alizaliwa Februari 1940 huko Shirati, Tanganyika, karibu na Ziwa Viktoria. Mtu akitoka Homa Bay akashika njia ya kusini, akapita Migori na kuteremka hadi Muhuru Bay, huwa amekwisha karibia Shirati. Mpaka waliouchora Wajerumani na Waingereza umepita hapo katikati, lakini Wajaluo wako huku na huku, na lugha yao ni moja. Ndiyo maana watu wa Migori na Homa Bay humhesabu Misiani kuwa wao, na wa Shirati nao husema ni mtoto wao. Wote wasema kweli.

Wazazi wake walikuwa watu wa dini na waimbaji wa nyimbo za kanisa. Kuimba hawakukataa; walilolikataa ni gita. Kwao gita lilikuwa ni chombo cha vilabuni, penye pombe na ugomvi. Kijana alipoonekana analishikilia, likavunjwa. Msomaji wa pwani hatalistaajabia jambo hili. Nasi kwetu masheikh wamehitilafiana juu ya ala za nyuzi tangu zama za kale, na wako vijana wengi waliojifunza udi kwa kificho. Simlaumu mzazi. Mzazi aliogopa njia ambayo mwanawe angeishika, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini tutazame kijana huyu aliishika njia gani.

Kwanza natuelewe ni kitu gani kilichomvuta. Mimi nilisomeshwa chuoni, kazi yangu ni mashairi, na gita nilijifunza ukubwani ili nipate kuufahamu muziki wa upande ule. Mzee mmoja wa Homa Bay ndiye aliyenionyesha. Aliniambia kwamba anayeanza hujifunza kodi tatu. Si kodi ya serikali. Ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Ukianzia C, kodi hizo ni C, F na G. Kwa tatu hizo waweza kupiga nyimbo nyingi mno za benga, maana muziki huo hujengwa zaidi juu yake.

Kisha huja ile inayowashinda wanafunzi, nayo ni kodi ya saba. Hesabu kutoka G: G, A, B, C, D, E, F. Ya saba ni F. Ukiitia F hiyo ndani ya kodi ya G, unapata G ya saba. Namna ya kuishika si ngumu kama inavyodhaniwa. Shika C kwanza: kidole cha shahada waya wa pili chumba cha kwanza, cha kati waya wa nne chumba cha pili, cha pete waya wa tano chumba cha tatu. Chumba ni nafasi iliyo kati ya chuma na chuma katika shingo ya gita, na waya wa kwanza ni ule mwembamba kabisa. Sasa hamisha kila kidole waya mmoja kuelekea nje, bila ya kubadili chumba: cha shahada kiende waya wa kwanza, cha kati waya wa tano, cha pete waya wa sita. Hiyo ndiyo G ya saba. Ukisikia waya wa pili umezimika, ujue kidole cha shahada kimelala. Kisimamishe kwa ncha.

Piga kodi hiyo kisha unyamaze. Utaona sikio halitulii. F inataka kushuka iende E, na B inataka kupanda iende C. Mtu hupata raha pale tu unaporudi kwenye kodi ya C. Mimi nilipoisikia nikakumbuka ubeti wa shairi: mistari ya mwanzo humning'iniza msikilizaji, naye hangoji ila kituo. Mwanafunzi mwenye pupa hukimbilia C kabla ya wakati wake. Fundi humngojesha msikilizaji kadiri anavyotaka, ndipo akamrudisha nyumbani. Ufundi wa gita uko katika subira hiyo, na gita likivunjwa haivunjiki.

Mapema katika miaka ya 1960 Misiani alivuka mpaka akaingia Kenya. Wakati huo vijana wengi wa Kenya walikuwa wanaiga wapigaji wa Kongo kama Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyefika Nairobi mwaka wa 1959. Wajaluo walikuwa na chao pia, nyatiti, ala ya nyuzi nane. Wapigaji wa benga waliudonoa waya wa gita kama ulivyodonolewa uzi wa nyatiti, na gita la besi likawa linakimbia chini badala ya kutembea. Misiani hakuwa peke yake katika kazi hiyo, lakini ni katika waliosimama mbele. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 alikuwa ana kikundi chake, na baadaye jina la Shirati Jazz likaenea. Aliichukua Shirati, mahali alipokatazwa gita, akaitia katika jina la bendi yake. Santuri zake zilinunuliwa Kisumu, Homa Bay, Migori na ng'ambo ya mpaka, na mwaka wa 1987 bendi ilipiga hadi Uingereza.

Tena hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba historia ya watu wake na matendo ya wakubwa, na mara nyingi aliyafunika maneno yake kwa visa vya wanyama. Sisi tuliolelewa kwa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, twaijua desturi hiyo. Muyaka naye alisema na watawala kwa mafumbo, na mwenye kufahamu alifahamu. Mafumbo ya Misiani yalifahamika mno, kwani alitiwa mbaroni zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake. Na kwa kuwa alizaliwa Tanganyika, ilikuwa rahisi kwa aliyechukizwa naye kumwambia kuwa hapa si kwao. Hakuacha. Kila alipotoka, alirudi kwenye gita.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Baada ya kufa kwake, nyimbo zake za miaka ya 1970 zilikusanywa London na kutolewa upya mwaka wa 2010 kwa jina la Mfalme wa Historia.

Hayo ndiyo maisha ya kijana aliyevunjiwa gita. Wazazi waliogopa kwamba gita litamfanya mpuuzi, naye akalifanya chombo cha kuwakanya wakubwa, hata akafungwa kwa ajili yake. Mzazi anayemwona mwanawe ameshika ala ana haki ya kuuliza na kuonya. Lakini kabla hajainua mkono kuvunja, nampa nasaha: amkalishe kijana, amwambie apige. Akimwona ana subira ya kuingoja kodi ya saba mpaka ifike kwake, ajue mtoto huyo anacho kitu, na kazi iliyobaki ya mzazi ni kumwelekeza atakachokisema kwacho.