Manute Bol: Mchunga Ng'ombe Aliyeukataa Uwaziri

Ifikapo tarehe 20 Juni kila mwaka mataifa ya dunia huwakumbuka wakimbizi, nasi tunawaweka katika sala zetu. Safari hii tunapenda kumkumbuka mmoja wao kwa jina. Alifariki siku moja tu kabla ya siku hiyo, tarehe 19 Juni 2010, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, Marekani. Jina lake ni Manute Bol. Wapenzi wa mpira wa kikapu wanamfahamu kwa urefu wake, kwani alikuwa na sentimita 231, yaani futi saba na inchi saba. Wengine wanamfahamu kwa vichekesho vilivyotungwa juu yake. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa jambo alilolikataa mwaka 2001, lakini ili kulifikia jambo hilo hatuna budi kuanzia zizini.

Alizaliwa Turalei, katika nchi ya Wadinka, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Hati zake ziliandikwa tarehe 16 Oktoba 1962, ila hakuna aliyekuwa na hakika ya mwaka wenyewe. Wazee wetu wa Nambis, ambao kuzaliwa kwao kunahesabiwa kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, watalielewa jambo hili bila kuelezwa. Baba yake, mzee wa heshima katika kabila lake, alimpa jina la Manute, maana yake baraka ya pekee. Urefu ulikuwa mali ya ukoo. Kwa maelezo yake mwenyewe mama yake alikuwa na futi sita na inchi kumi, na baba yake futi sita na inchi nane. Katika nchi ile mtu mrefu hakuwa kioja.

Wadinka ni Waniloti, ndugu wa mbali wa majirani zetu Wabarbaig wa Hanang, na kama wao wanamthamini ng'ombe kuliko fedha. Manute alikua akichunga. Alisimulia kwamba siku moja alimuua kwa mkuki simba aliyekuwa akiwasumbua ng'ombe, na hakuona haya kuongeza kwamba simba huyo alikuwa amelala. Tunampenda kwa nyongeza hiyo. Wawindaji wengi tuliowasikia hawakuwahi kukutana na simba aliyelala.

Kwanza alicheza soka, akaacha kwa sababu ya urefu. Katika miaka ya mwisho ya ujana wake akajifunza mpira wa kikapu, akachezea timu za Wau na baadaye Khartoum. Huko kaskazini alionja dharau ambayo watu wa kusini waliionja kila siku: lugha yake, rangi yake, na dini yake vyote vilimfanya mgeni katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Pia aliuonja mchezo wenyewe kwa uchungu, kwani mara ya kwanza alipojaribu kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mikono alivunja meno.

Mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kuinoa timu ya taifa, akamwona, akamshawishi avuke bahari. Mwaka uliofuata Manute alifika Marekani. Ni mwaka huo huo wa 1983 ambapo wanajeshi wa kusini waliasi huko Bor na serikali ya Khartoum ikatangaza sheria ya Kiislamu kwa nchi nzima, na vita vikaanza ambavyo vingedumu zaidi ya miaka ishirini na kuua watu wapatao milioni mbili. Kijana alikuwa ameondoka nyumbani, na nyumbani kukawaka moto nyuma yake.

Inafaa vijana wetu wajue kwamba mlango wa ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, haukuwa wazi wakati huo kama ulivyo sasa. Wachezaji wa kigeni walikuwa wachache mno. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alikuwa bado chuoni Houston. Aliingia ligi mwaka 1984. Timu ya San Diego ilimchagua Manute mwaka 1983, lakini ligi ikaubatilisha uchaguzi huo kwa kuwa hakuwa amejiandikisha kwa wakati. Pasi yake ya kusafiria ilisema ana futi tano na inchi mbili. Yeye alieleza kwamba walimpima akiwa ameketi. Kiingereza hakukijua. Alipelekwa Cleveland kusoma lugha, na chuo kilichotaka kumchezesha hapo kikaja kuadhibiwa kwa kuvunja kanuni katika kuwasaidia yeye na Waafrika wenzake wawili. Hatimaye akachezea Chuo Kikuu cha Bridgeport kwa msimu mmoja, na mwaka 1985 timu ya Washington ikamchagua, akiwa wa 31 katika orodha ya mwaka huo.

Msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397 isiingie kikapuni, wastani wa mitano kwa kila mchezo, na hakuna mchezaji mpya aliyewahi kufikia hapo. Kufunga hakukuwa kazi yake. Katika michezo 624 ya maisha yake ligini alifunga pointi 1,599 na kuzuia mipira 2,086, naye ndiye pekee aliyemaliza safari ndefu kama hiyo akiwa na mipira aliyozuia mingi kuliko pointi alizofunga. Tukizitazama hesabu hizo tunaona kazi ya mlinzi wa zizi. Hakutumwa kuleta mali, alitumwa kuzuia isichukuliwe.

Lakini watu hawakulipa kiingilio kwa ajili ya hesabu. Mwaka 1987 Washington ilimsajili pia Muggsy Bogues, mwenye futi tano na inchi tatu, na picha ya hao wawili wakiwa wamesimama bega kwa nyonga ikazunguka dunia nzima. Ilitufikia hata sisi, miaka mingi baadaye, tukiwa seminarini, ikiwa katika gazeti lililochakaa. Tulicheka kama wengine. Hatukuuliza mtu yule mrefu alitoka wapi wala ndugu zake walikuwa katika hali gani siku picha ile ilipopigwa. Tunakiri hilo hapa kwa sababu hata katika vijiji vyetu mtu mwenye mwili usio wa kawaida, awe mrefu mno au mfupi mno au mwenye ualbino, hutazamwa kwanza na kuulizwa jina baadaye.

Yeye alijua wanamcheka. Alijua pia kwamba kicheko hicho kinalipa, na malipo yake aliyapeleka nyumbani. Alichezea Washington, Golden State, Philadelphia na Miami mpaka katikati ya miaka ya 1990, akipata mamilioni ya dola, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda Sudan. Alitembelea kambi za wakimbizi. Alikwenda kwa wabunge mjini Washington kuwaeleza juu ya vita ambavyo wengi wao hawakuvisikia. Aliwalisha ndugu, na ndugu wa ndugu, kama kila mmoja wetu anayepata mshahara anavyojua. Katika vita vile alipoteza jamaa wengi sana.

Hapa pana jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Fedha yake ilikwenda pia kwa waasi wa kusini waliobeba silaha. Kanisa linafundisha kwamba mnyonge ana haki ya kulindwa, na linafundisha vilevile kwamba kila bunduki inayonunuliwa huanza maisha yake yenyewe, isimtii tena aliyeinunua. Historia ya Sudan Kusini baada ya uhuru imelithibitisha hilo kwa machozi. Hatumhukumu mtu ambaye kijiji chake kilikuwa kikichomwa. Lakini tungekuwa tunamtendea isivyo haki kama tungemchora mtakatifu asiye na swali, na tutaona kwamba mwenyewe, miaka ya mwisho, alichagua njia nyingine.

Baada ya kustaafu alirudi Khartoum, kwa matumaini ya amani iliyokuwa ikizungumzwa. Amani haikuja, na fedha zikamwishia. Mtu aliyekuwa amejaza kumbi za Marekani aliishi katika mji ule akiwa na familia ya kulisha na bila kipato cha maana. Ndipo mwaka 2001 serikali ilipomtolea uwaziri wa michezo.

Tuutafakari uzito wa jambo hilo. Uwaziri una nyumba, gari, mshahara, na ulinzi. Kwa mtu maskini katika mji wa adui zake, ulinzi pekee ungetosha kumshawishi. Wala kazi yenyewe haikuwa mbaya. Nani angefaa kuongoza michezo ya Sudan kuliko yeye? Sharti lilikuwa moja, kwamba auache Ukristo na kusilimu. Angeweza kujiambia kwamba ni maneno ya mdomoni tu, kwamba Mungu anaona moyo, kwamba akiwa ndani ya serikali atawasaidia Wadinka wake. Hizo ndizo hoja ambazo kila mwenye kujaribiwa huziandaa, na sisi tunaokaa katika kiti cha kitubio tunazijua zote. Manute alikataa.

Tuseme wazi, tukiwa wananchi wa nchi ambamo Wakristo na Waislamu wanaishi nyumba kwa nyumba, kwamba kosa lililofanyika hapo halikuwa la Uislamu. Lilikuwa la watawala walioigeuza dini kuwa bei ya kazi. Mwislamu anayeambiwa abatizwe ili apate ajira anatendewa dhuluma ileile.

Gharama ilifuata upesi. Alishutumiwa kwamba anawaunga mkono waasi, akazuiwa kutoka nchini, na akadaiwa fedha zaidi. Marafiki wa Marekani, miongoni mwao Seneta Joseph Lieberman, walichanga nauli, akafika Cairo pamoja na familia yake, na huko akasubiri miezi sita akiomba hifadhi. Nyota wa zamani alipanga foleni na wakimbizi wengine. Mwaka 2002 akaingia Marekani kama mkimbizi wa kidini.

Yaliyofuata yalituhuzunisha tulipoyasoma mara ya kwanza. Alipigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani, katika kipindi cha kuchekesha watu. Alisajiliwa na timu ya mpira wa magongo wa barafuni ilhali hakujua kuteleza. Alipewa leseni ya mpanda farasi wa mashindano, mtu ambaye miguu yake ingegusa ardhi. Tulidhani ameshuka hadhi. Baadaye tukaelewa kwamba fedha ya pambano lile la ngumi aliitoa kwa ajili ya watoto wa Sudan, na kwamba alikubali kupigana kwa sharti kwamba televisheni ionyeshe namba ya simu ya mfuko wa kuwachangia. Sharti la Khartoum aliliona ni kumuuza Mungu wake, lakini sharti la kuchekwa aliliona jepesi. Si kila mtu anayejua kutofautisha mambo hayo mawili. Wengi wetu tuko tayari kuuficha msalaba ili tusichekwe.

Mwaka 2004 alivunjika shingo katika ajali ya teksi huko Connecticut, na hakupona kabisa. Ni katika maumivu hayo ndipo alipojiunga na shirika la Sudan Sunrise, linalowakutanisha Wasudani wa makabila na dini mbalimbali, akaota kujenga shule 41 nchini kwake. Ya kwanza ilianzwa Turalei, kijijini kwake. Kijana aliyeondoka kwenye zizi, akatoa fedha kwa jeshi, sasa akawa anaomba mabati na saruji.

Mwaka 2010 alikuwa Sudan wakati wa uchaguzi wa Aprili, akihimiza watu wapige kura kwa uaminifu, huku figo zake zikidhoofika. Aliporudi Marekani alikuwa mgonjwa sana. Figo zilishindwa, tena akapatwa na ugonjwa adimu wa ngozi, uitwao Stevens-Johnson, ambao husababishwa mara nyingi na dawa. Kinywa chake kilijaa vidonda hata akashindwa kula. Ibada ya kumwaga ilifanyika katika kanisa kuu la Kianglikana la Washington tarehe 29 Juni, siku ambayo sisi huwaadhimisha Mitume Petro na Paulo. Kisha mwili ulirudishwa Turalei. Ilikuwa imebaki miezi saba hivi kabla ya kura ya kujitawala, na mwaka mmoja kabla ya Sudan Kusini kuwa taifa, tarehe 9 Julai 2011.

Leo NBA ina wachezaji zaidi ya mia moja waliozaliwa nje ya Marekani, na tangu mwaka 2019 hadi 2025 tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilikwenda kwao kila mwaka. Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika orodha nzima ya mwaka 2009. Luol Deng, mtoto wa Wau, aliyekua ukimbizini Misri, alikutana huko na Manute. Manute ndiye aliyemfundisha mpira kaka yake Luol na kuwa mlezi wao. Deng alicheza NBA miaka kumi na mitano, kisha akalisimamia shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini na kuitafutia timu mahitaji yake.

Timu hiyo ilifika Olimpiki ya mwaka 2024 nchini Ufaransa. Wengi wa vijana wale ni watoto wa wakimbizi. Tarehe 28 Julai walisimama mstari mmoja, mkono kifuani, kabla ya mchezo wao wa kwanza na Puerto Rico, na kwa makosa ya waandaaji ukapigwa wimbo wa taifa la Sudan, ile waliyoikimbia. Uwanja ulizomea. Vijana hawakuondoka mahali pao; walisubiri mpaka wimbo wao wenyewe ulipoanza, watu wakawapigia makofi. Walishinda kwa 90 dhidi ya 79.