Mekatilili, Bibi Kizee wa Wagiriama

1. Mtoto wa wakulima

Mtu wa Masisi alimaye maharagwe na viazi, na mtu wa Walikale alimaye mpunga na mihogo, wote wawili wangepatana upesi na Mgiriama. Wagiriama ni kabila la wakulima wa Kenya. Nchi yao iko mbali sana, upande wa mashariki, karibu na bahari, nyuma ya miji ya Kilifi na Malindi. Zamani walilima mahindi na mtama, walifuga ng'ombe na mbuzi, na minazi yao iliwapa nazi na tembo. Mvua iliponyesha vizuri, nafaka iliwatosha, na iliyozidi waliwauzia watu wa pwani. Kwa hiyo hawakuwa na haja ya kwenda kwa watu wengine kutafuta mshahara.

Wagiriama hawakuwa na mfalme. Mashauri makubwa yaliamuliwa na wazee katika kaya. Kaya ni mji wa zamani uliozungukwa na msitu, na msitu huo haukukatwa ovyo, kwa kuwa watu waliuheshimu sana. Kaya yao kubwa iliitwa Kaya Fungo.

Katika nchi hiyo, karne ya 19, alizaliwa msichana mmoja, akaitwa Mnyazi wa Menza. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Alikuwa binti wa pekee katikati ya ndugu zake wanaume. Ndugu mmoja, jina lake Mwarandu, alikamatwa na wafanya biashara wa watumwa, wakaenda naye. Hakuonekana tena. Basi, tangu ujana wake Mnyazi alijua uchungu wa nyumba iliyonyang'anywa mtoto.

Alipokua aliolewa, akapata mtoto wa kwanza, Katilili. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mekatilili, maana yake mama wa Katilili. Alilima, akatwanga, akateka maji, akalea watoto, kama wanawake wote wa kwao. Mume wake akafa, naye akabaki mjane. Miaka ikapita, akazeeka. Watu wa kijiji hawakufikiri kwamba kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.

2. Amri za serikali

Wakati huo Waingereza walikuwa wametawala nchi. Katika pwani walikuwako Wazungu wenye mashamba makubwa, nao walitaka watu wa kuyalima. Utumwa ulikuwa umekwisha kukatazwa na serikali mwaka 1907, na wafanya kazi hawakutosha. Serikali ikawatazama Wagiriama. Iliona kwamba ni watu wengi, wenye nguvu, tena hawataki kazi ya mshahara.

Mwaka 1912 akaja kwao mtawala kijana, Bwana Arthur Champion. Akahesabu nyumba, akadai kodi ya kila nyumba, akaweka wakubwa wa vijiji waliolipwa na serikali. Wakubwa hao waliagizwa kutoa vijana wa kazi. Tena serikali ilitaka Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, ambako udongo ni mzuri na mavuno ni mengi.

Wakulima wa Kongo walijua mambo ya namna hiyo. Hata Masisi, Walikale na Lubutu watu walitozwa kodi na kufanyizwa kazi za lazima wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1944 wengine wakaasi. Mkulima akitolewa shambani wakati wa kulima, atavuna nini? Na watoto wake watakula nini?

3. Ngoma na kiapo

Wazee wengi wa Wagiriama walinung'unika, lakini walinung'unika nyumbani tu. Mekatilili hakukaa nyumbani. Alichukua ngoma iitwayo kifudu, ambayo wanawake waliicheza kwenye matanga, akaenda nayo toka kijiji hata kijiji. Watu walipokuja kutazama, alisema nao. Aliwakumbusha kwamba vijana wakipelekwa kazini mbali, mashamba yatakuwa pori. Aliwakumbusha ndugu yake Mwarandu na wengine waliochukuliwa wasirudi.

Mzee mmoja, Wanje wa Mwadorikola, akamsaidia. Mwaka 1913 watu wengi wakakusanyika Kaya Fungo. Hapo wanawake wakala kiapo chao, na wanaume wakala chao. Waliapa kwamba hawatalipa kodi wala hawatatoa vijana wa kazi. Kiapo cha namna hiyo kilikuwa kitu cha kuogopwa. Champion alipoita watu, hawakuja. Alipodai kodi, hakupata. Hata wakubwa wa vijiji waliogopa kumtumikia.

Wagiriama husimulia habari moja ya siku zile. Katika mkutano Mekatilili alileta kuku mwenye vifaranga. Akamtaka Champion amnyang'anye mama yule kifaranga kimoja. Champion alipopeleka mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akawaonyesha watu kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa kila atakayegusa watoto wa Wagiriama. Champion akakasirika, akampiga kuku yule risasi. Watu wote waliokuwapo walielewa mambo mawili: kuku hakukubali, lakini bunduki ilikuwa mkononi mwa nani.

4. Safari ya kurudi nyumbani

Tarehe 17 Oktoba 1913 serikali ilimkamata Mekatilili. Wanje naye akakamatwa. Walihukumiwa kufukuzwa katika nchi yao kwa miaka mitano, wakapelekwa magharibi ya Kenya, upande wa ziwa kubwa la Nyanza. Huko lugha ilikuwa nyingine, chakula kingine, na hapakuwa na mtu wa kwao. Serikali ilifikiri kwamba wazee wawili hawawezi kurudi toka mahali pa mbali vile.

Lakini mwezi wa Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka. Wakashika njia ya kwao kwa miguu. Toka huko hata nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600. Ni kama mtu kutoka Goma, kupita Masisi, Walikale na Lubutu, hata kufika Kisangani. Katikati kuna milima, misitu na mbuga zenye simba. Mekatilili alikuwa mwanamke mzee. Kijana mwenye nguvu angechoka, lakini yeye alikwenda mpaka akafika kwao. Akaanza tena kusema na watu kama kwanza.

5. Vita ya mishale

Mwezi wa Agosti 1914 mambo mabaya yakaja pamoja. Tarehe 4 serikali ilivunja Kaya Fungo kwa baruti, ili Wagiriama wasikusanyike huko tena. Siku chache baadaye Mekatilili akakamatwa mara ya pili, akaondolewa. Na siku hizo hizo vita kubwa ya Wazungu ilianza, na serikali ikataka wapagazi wa kubeba mizigo ya askari. Kongo nako wapagazi wengi sana walibeba mizigo katika vita hiyo, hata Tabora mwaka 1916.

Askari walikwenda vijijini kutafuta vijana kwa nguvu. Mmoja alimtendea mwanamke ubaya, naye akauawa. Ndipo vita ikawaka. Wagiriama waliita vita hiyo kondo ya chembe, yaani vita ya mishale. Walikuwa na pinde, na serikali ilikuwa na bunduki. Zaidi ya watu mia walikufa. Nyumba nyingi zilichomwa moto, mbuzi wakachukuliwa, faini kubwa ikatozwa, na watu wa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa katika mashamba yao. Miaka iliyofuata ikawa miaka ya njaa.

Mekatilili hakuwapo vita ilipopiganwa, lakini alisikia habari zake. Ni wazi kwamba neno lake liliwapa watu moyo wa kukataa, na kukataa kulileta taabu nyingi. Lakini wangekubali pia wangepoteza vijana na udongo wao. Mara nyingine watu huwekewa njia mbili, nazo zote zina miiba.

6. Uzee wake

Taabu ile haikuwa bure kabisa. Serikali iliona kwamba kuwatawala Wagiriama kwa nguvu ni kazi ya hasara. Baada ya miaka michache iliwaacha kurudi kulima ng'ambo ya mto, na kaya ikarudishwa kwa wazee. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje wakafunguliwa. Wakarudi, wakakaa katika kaya. Wanje akawa mkubwa wa baraza la wanaume, na Mekatilili akawa mkubwa wa baraza la wanawake. Mwanamke aliyefukuzwa mara mbili akazeeka katikati ya watu wake, naye alisikilizwa.

Alikufa mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika nchi ya Magarini. Mwaka 2008 misitu ya kaya za pwani ya Kenya iliandikwa na Unesco katika mali ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 sanamu yake ikasimamishwa katika mji wa Malindi.

Mekatilili hakusoma shule, hakuwa na mali, wala hakushika bunduki. Alikuwa na miguu yake, ulimi wake na ngoma ya wanawake wenzake. Katika vijiji vingi wako bibi wazee ambao wamelima miaka mingi na kulea watoto wengi. Vijana wengine huwaona kama watu waliomaliza kazi yao. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Heri kijana anayekaa karibu nao na kusikiliza, kabla hawajaondoka.

Maswali

1. Kwa nini Wagiriama hawakuwa na haja ya kazi ya mshahara?
2. Jina Mekatilili lina maana gani?
3. Mekatilili alitumia nini kukusanya watu?
4. Habari ya kuku na vifaranga inafundisha nini?
5. Alitembea mbali namna gani alipotoroka?
6. Muulize mzee mmoja wa kijiji chako: alilima nini alipokuwa kijana, na ni taabu gani aliyoishinda? Andika majibu yake kwa mistari kumi.