Orwell: polisi wa mkoloni aliyemuumbua Kaka Mkubwa

Wadau, leo tumwongelee marehemu mmoja wa Uingereza, George Orwell. Mnaokumbuka shindano la Big Brother Africa lililoanza 2003, watu wanafungiwa nyumba moja na kamera zinawachungulia mpaka usingizini, lile jina lilitoka kwenye riwaya yake. Na waliosoma Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, huyu ndiye mwenye kitabu.

Jina lake halisi ni Eric Blair. Alizaliwa 1903 huko Motihari, India, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya mkoloni kwenye idara ya kasumba. Naam, kasumba yenyewe, ile ya kuvuta. Serikali iliyojisifu kuleta ustaarabu ilikuwa inauza ulevi, na mshahara wa mzee ulitoka humo humo.

Kijana alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha 1922 akaenda Burma kuwa polisi wa mkoloni. Miaka mitano hivi alikuwa upande wa wenye virungu. Aliona wazungu wenzake wakihubiri haki mchana huku jela zikijaa wenyeji. Mwaka 1927 akabwaga manyanga. Kwangu mimi hapo ndipo mwandishi alipozaliwa, maana alijua udhibiti unavyofanya kazi kutoka jikoni.

Akaishi na mafukara, akaosha vyombo Paris. Desemba 1936 akaenda Hispania kupigana na wafuasi wa Franco. Mei 1937 risasi ikampita shingoni, akapona kwa bahati. Kilichomuuma zaidi kilikuja mwezi uliofuata: chama cha mrengo wa kushoto alichopigana chini yake kikapigwa marufuku na serikali ile ile waliyokuwa wanaitetea, wenzake wakakamatwa na kuitwa wasaliti, na magazeti yakaandika uongo mtupu. Yeye na mkewe Eileen wakatoroka.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja akafanya kazi BBC, 1941 hadi 1943, kwenye matangazo ya kwenda India. Kila neno lilipita kwa wakaguzi kwanza. Shamba la Wanyama nalo wachapishaji kadhaa walilikataa, maana Stalin alikuwa rafiki wa Uingereza kipindi hicho. Likatoka Agosti 1945.

Halafu akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, kisiwani Jura, Scotland, akaandika 1984, iliyotoka Juni 1949. Humo kila nyumba ya mwanachama ina runinga inayokutazama wewe. Wizara ya Ukweli kazi yake ni kufuta na kuandika upya magazeti ya zamani. Ila jamani, kinachonigusa mimi zaidi ni unafiki. Mkubwa wa chama anakunywa mvinyo na anaweza kuizima runinga yake, wakati wa chini anahesabiwa hata wembe. Binti Julia anavaa mshipi wa umoja wa kupinga mapenzi, anapiga kelele kuliko wote mikutanoni, kumbe ana mpenzi wake msituni. Watu wanaigiza. Ndiyo nguvu ya utawala ule: ulihitaji ushangilie na umwogope jirani yako.

Sasa kaeni vizuri. Mwaka huo huo wa 1949, akiwa hospitalini, Orwell huyu huyu aliipa idara ya propaganda ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza orodha ya majina 38 ya waandishi na watu maarufu aliowashuku kuegemea ukomunisti. Orodha ilichapishwa 2003. Wanaomtetea wanasema haikuwa ya kukamata watu, bali ya wasiofaa kupewa kazi ya kuandikia idara ile. Sawa. Lakini wenye majina hawakuulizwa wala hawakujua. Kwangu hilo lina harufu ya kitabu chake mwenyewe.

Alifariki Januari 21, 1950, akiwa na miaka 46 tu.

Mimi simtupi. Nyani haoni kundule, na pengine ndiyo maana kitabu chake bado kinatisha: Kaka Mkubwa siyo lazima akae ikulu, anaweza kukaa ndani ya mtu mwema mwenye kalamu na sababu nzuri. Wewe unaonaje, mtu akiumbua unafiki halafu akateleza, maneno yake yanakufa? Tupia maoni hapo chini, matusi hapana.